Mama Mwenye Nyumba na Mgeni wa Makopo

Nimekutana na watu wakali katika maisha haya. Nimefundishwa hesabu na mwalimu ambaye akikohoa tu unasahau jina la baba yako. Nimeshuka mteremko wa kwenda Muze juu ya magunia ya lori, dereva akiendesha kwa goti huku anamenya chungwa. Lakini ni mtu mmoja tu aliyewahi kunifanya nifagie uwanja niliokwisha kuufagia, nikaufagia tena, kisha nikamshukuru kwa kunikumbusha. Huyo ni mama mwenye nyumba wangu wa Chanji, mjini Sumbawanga.

Jina la ubatizo analo, tena zuri, ila sijapata kumsikia mtu akilitumia. Wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, majirani hivyo hivyo, na siku paroko aliposoma kanisani majina ya waliochangia saruji, alifika kwake akasita, akakuna sikio, akasema, "na yule mama mwenye nyumba wa Chanji." Kanisa zima likajua ni nani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo yatasomwa siku ya mazishi yake na wenye kazi ya kusoma. Mimi nilimkuta tayari mjane, tayari amevaa boshori la sufu, tayari anasema, "Geti!"

"Geti!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Maana yake umeingia hukufunga. Hata ukiwa umefunga, maana yake hukufunga vizuri. Baridi ya Sumbawanga wenzetu wa pwani wanadhani tunaitunga, lakini mwezi wa saba upepo wetu unaweza kukuvua soksi na viatu vikabaki miguuni. Mama Mwenye Nyumba aliamini upepo huo wote, kuanzia unapozaliwa huko nyikani hadi unapotufikia, unaingia mjini kupitia geti lake.

Nilipanga chumba cha uani. Mchana nilikuwa napanga bidhaa katika duka moja la mjini lenye milango ya kioo, jioni nakwenda masomo ya watu wazima. Kwa hiyo akaniita Mtahiniwa. Nikafeli, nikawa Mtahiniwa. Nikarudia, nikafaulu, nikamletea cheti mbio mbio kama mtu aliyebeba yai la moto. Akakisoma mbele, akakigeuza akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akapuliza vumbi lisilokuwepo, akasema, "Hongera sana, Mtahiniwa."

Alipiga marufuku redio za wapangaji, lakini yeye akianza kuimba sauti ya kwanza ya kwaya alfajiri, masufuria ya nyumba tatu yalitikisika. Alisema hapendi watu wanaokuja kuja, na kila siku alisonga ugali wa ulezi wa kutosha watu kuja kuja. Alikuwa akigomba kwa Kifipa na kusali kwa Kiswahili. Nadhani ndiyo maana Mungu alimwona mpole.

Jambo alilojulikana nalo zaidi lilikuwa kuonja. Kwetu Ufipa, ukimkaribisha mtu kinywaji au chakula, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa. Ni adabu. Kwenye pombe ya ulezi mwenyeji anavuta mrija kwanza, anameza, anaufuta, anakukabidhi. Wengi siku hizi wanaonja kwa haraka haraka, kama mtu anayesaini. Yeye hapana. Hasa akipata mgeni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku akitokea mbali, amejaa hadithi alizosikia kuhusu mji wetu na uchawi wake, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi. Mama alimwonjea chai. Akamwonjea mkate, pande zote mbili. Akamwonjea maji ya kunawa, nusura. Mimi mwenyewe nilipougua malaria aliniletea dawa, na kama nisingempokonya kikaratasi angeonja dozi nzima tukalazwa wote.

"Mtu asile kwangu kwa mashaka," alisema. "Akitaka mashaka akale hotelini."

Sheria yake nyingine ilihusu simu, na hiyo ndiyo iliyokuja kumponza. "Simu ni kama shikamoo," alisema. "Inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa." Hakuwahi kumpigia mtu wa chini yake kwa umri. Mtoto wake wa mwisho, ambaye alikuwa amejenga maisha Dar es Salaam, alipiga mara moja moja. Mtoto wa huyo mtoto, yaani mjukuu wa kike, hakupiga kabisa. Alikuwa hajafika Sumbawanga tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Picha yake ilikuwa ukutani, kando ya kalenda ya jimbo yenye picha ya askofu, na Mama akifuta vumbi alianza na mjukuu ndipo akafuata askofu. Ukimwuliza habari zake anasema, "Wako wazima, wana shughuli." Kisha anakwambia geti halijafungwa.

Halafu akaja Chipsi.

Familia ile ya Dar ilikuwa inahamia ng'ambo kwa miaka ya masomo ya mkwe, na mbwa hakuweza kwenda. Basi wakampandisha basi. Nilikuwa na Mama stendi siku hiyo. Mbwa alishuka amebebwa na kondakta ndani ya kikapu, ana blanketi, na nyuma yake wapakizi wawili wamebeba katoni. Alikuwa mdogo, wa rangi ya viazi vya kukaanga, manyoya yamemfunika macho. Ukimwangalia kwa mbali ungedhani mtu kasahau kofia.

"Huyu ndiye mbwa?" Mama akamwuliza kondakta.

"Ndiye, Mama. Tangu Morogoro hajala. Nimempa mshikaki, kanitazama kama mimi ndiye mshikaki."

Kwenye katoni kulikuwa na makopo. Chakula cha mbwa cha kopo, cha nyama ya kuku, ya ng'ombe na maini. Mama aliyashika moja moja, akasema neno refu kwa Kifipa ambalo sitaliandika.

Tulipofika nyumbani alikuwepo muuza maziwa, Msukuma mmoja mzaliwa wa Kaoze, kule bondeni, aliyekuja kila siku na madumu yake na utani wake. Alimzunguka Chipsi kama anayenunua ndama.

"Mama, mbwa wangu wanakula pumba na wanafukuza fisi. Huyu anafukuza nini?"

"Usingizi," Mama akasema. "Ananifukuzia usingizi. Leta maziwa uende."

Jumapili ile ile, baada ya misa, simu ya Mama ikalia. Ilikuwa ya video. Nilimwonyesha pa kubonyeza, na uso wa mtoto wa kike ukajaa kioo.

"Shikamoo Bibi Chipsi yuko wapi?" Alisema yote kwa pumzi moja, bila mkato.

Mama aliielekeza simu kwa mbwa. Alishikilia hivyo kwa muda wote, mkono umenyooka kama anamulika mwizi. Mtoto aliongea na mbwa, akambembeleza mbwa, akamwimbia mbwa. Yeye Bibi alionekana kidole gumba tu, pembeni. Simu ilipokatika alibaki ameishika.

"Umeisikia sauti yake?" akaniuliza. "Imekuwa sauti ya mtu mzima kidogo."

Tangu siku hiyo simu ililia kila Jumapili. Mama hakusema lolote kuhusu hilo, ila niliona Jumapili ameanza kutoka kanisani bila kusimama mlangoni kusalimia watu, jambo ambalo mji mzima uliliona. Na mimi, pamoja na kufeli kwangu hesabu, niliweza kuijumlisha hiyo: kukiwa na mbwa, kuna simu. Kusipokuwa na mbwa, turudi kwenye picha ya ukutani.

Na mbwa alikuwa hali.

Alinusa kopo la kuku, akageuka. La maini, akalala. Mama alimbadilishia sahani, akampashia moto, akamgombeza kwa lugha zote mbili. Chipsi alikonda hadi manyoya yakawa mengi kuliko mbwa. Jumapili mtoto akasema, "Bibi, mbona shingo yake imekuwa ndefu?" Mama akajibu kwamba ni hewa ya milimani, inanyoosha.

Kesho yake nikamwona anaingia dukani kwetu, boshori na yote, anasukuma mlango wa kioo kwa tahadhari kama anaingia sakristia. Makopo ya mbwa tulikuwa nayo machache, sehemu ya chini kabisa, yaliyoagizwa kwa ajili ya wataalamu wa miradi waliokuja na mbwa wao. Mama aliinama pale, na kwa muda ambao mfanyabiashara mwingine angefunga duka, akafungua tawi na kustaafu, alichagua. Alilitikisa kopo sikioni. Alilinusa kwenye ukingo. Alilibonyeza chini kwa gumba. Akaniita kwa sauti ya kwaya:

"Mtahiniwa! Hii inasema nini?"

"Bata mzinga, Mama."

"Na mbwa wa Dar anamjua bata mzinga?"

"Sidhani, Mama."

"Basi kwa nini mnauza?"

Alichukua la kondoo. Chipsi hakula la kondoo. Akarudi, akachukua la bata mzinga kwa kunuia kuja kutulaumu. Chipsi hakula.

Aliyefumbua fumbo ni muuza maziwa, tena kwa kutania. Alimkuta Mama amechuchumaa mbele ya sahani, anamsihi mbwa.

"Huyu si ulisema ni mgeni?"

"Ni mgeni."

"Sasa umemwonjea?"

Aliangua kicheko, akabeba madumu yake. Mama hakucheka. Alibaki amechuchumaa akimwangalia yule mbwa, nami nikaona aibu inampanda, aibu ya kweli, kama mtu aliyegundua kwamba muda wote huo amemkaribisha mtu na kumwacha amesimama mlangoni. Akaingia ndani, akarudi na kijiko. Akafanya ishara ya msalaba. Akachota kipande cha kondoo wa kopo, akakitia kinywani, akatafuna polepole huku anamtazama Chipsi machoni. Akameza.

"Karibu," akamwambia.

Chipsi alisimama. Akaja. Akala hadi sahani ikaanza kutembea uwanjani na yeye nyuma yake.

Nilimwambia Mama ni bahati tu, njaa imemzidi. Akanitazama kwa huruma ile anayowatazamia watu waliosoma jioni. Jioni ile hakuonja, kwa makusudi, ili anionyeshe. Mbwa akakaa. Akaonja, mbwa akala.

Hapo ndipo Chanji ilipopata mtaalamu wake. Mama Mwenye Nyumba akawa anachagua makopo kwa ujuzi ambao sijauona hata kwa wanunuzi wa kahawa. Alisimama dukani, mbele ya wateja, akatoa hukumu: "Hii ya kuku imezidi chumvi. Hii ya ng'ombe ina ute, lakini ladha ipo. Hii ya maini msimuuzie mtu." Bwana mmoja wa mradi, aliyekuja kumnunulia mbwa wake, akadhani ni afisa wa viwango, akamuuliza kwa heshima anapendekeza ipi. Akampendekezea. Wiki iliyofuata yule bwana akarudi kushukuru. Kwenye jumuiya, kina mama walianza kunong'ona kwamba mwenzao anakula chakula cha mbwa. Alipopata habari alisimama baada ya sala akasema, "Ndiyo, nakula. Aliye na mgeni asiyekula, naye hajamwonjea, asimame anicheke." Hakuna aliyesimama.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Kwaresima.

Ijumaa ya kwanza alishika kijiko, akakitazama, akakirudisha. Mama yule hakuwahi kuonja nyama Ijumaa ya Kwaresima hata mara moja katika maisha yake, na hakuwa na mpango wa kuanza kwa ajili ya kiumbe kinachoitwa Chipsi. Mbwa akashinda njaa. Jumamosi akaugua tumbo kwa kula kwa pupa. Jumapili mtoto akauliza mbona Chipsi hachezi. Mama akasema anatafakari. Lakini simu ilipokatika akavaa viatu vya kanisani, akaniambia nimsindikize kwa katekista.

Katekista alikuwa mtu mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baada ya Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina, Mama akaketi wima.

"Nina swali la imani."

Katekista akafurahi. Watu wengi walikwenda kwake na maswali ya viti vya harusi.

"Mtu akionja nyama ya kopo Ijumaa ya Kwaresima, kijiko kimoja, amekula nyama?"

"Amemeza?"

"Amemeza."

"Basi amekula."

"Hata kama haikutengenezwa kwa ajili ya watu?"

Katekista akavua miwani. Nikamweleza habari ya mbwa, maana Mama alikuwa anazunguka zunguka. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu, na hadi leo naamini ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya kanisani.

"Mama," akasema, "tumeambiwa tujinyime nyama. Hatukuambiwa ya nani."

"Na nikionja nikatema?"

"Hapo huna kosa."

"Nitakuwa sina adabu! Niteme mbele ya mgeni? Atakula tena huyo?"

"Basi mtafutie kopo la samaki."

Tukaenda dukani. Kopo la samaki lilikuwa moja, limebonyea. Mama alilichagua kwa sababu hakukuwa na la kuchagua. Ijumaa akaonja, akameza kwa shida, machozi yakamtoka. Chipsi alinusa akatoka nje. Kwa mara ya kwanza wawili wale walikubaliana.

Ijumaa iliyofuata Mama alikuwa anakula chakula chake cha kujinyima, ugali wa ulezi na dagaa wa Ziwa Tanganyika waliochemshwa bila chumvi, kwa sababu alikuwa amejinyima na chumvi pia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni. Chipsi akaja akakaa mbele yake, akitazama tonge likipanda na kushuka. Kila tonge lilikuwa ni kuonja, ukifikiri vizuri. Mama akamega kipande, akachovya, akamtupia bila kutegemea kitu. Chipsi alikidaka hewani. Akataka kingine. Akala dagaa na vichwa vyao.

Kuanzia hapo hakutaka kopo tena. Nasema hakutaka! Ukifungua kopo anaondoka kwa hasira. Alinenepa, akaanza kubweka kwa sauti nzito, akamfukuza muuza maziwa hadi kwa jirani, na muuza maziwa alifurahi sana. Bwana mifugo alimpima akasema mbwa huyu ana afya kuliko mwenye nyumba.

Ungedhani shida imekwisha. Sasa ndiyo ilianza, kwa sababu mtoto alikuwa ametoa maagizo tangu siku ya kwanza: Chipsi asipewe chakula cha watu, ataumwa, ataharibika, akipewa nitalia. Na Mama, ambaye aliwahi kumfukuza mpangaji kwa kudanganya kuhusu pasi ya umeme, akaingia kwenye udanganyifu kichwa kichwa. Kila Jumapili alichukua kopo tupu lililooshwa, akalishindilia ugali wa ulezi na dagaa, akaliweka mbele ya simu, akachota kwa kijiko.

"Bibi, hiyo ya leo ni ya nini?"

"Ya kuku, mwanangu."

"Mbona nyeusi?"

"Kuku wa huku."

Aliendelea hivyo hadi siku moja dagaa mmoja alipodondoka kutoka kwenye kijiko, akatua ukingoni mwa sahani, jicho likaangalia simu moja kwa moja.

"Bibi," sauti ya mtoto ikasema polepole, "huyo kuku ana macho madogo hivyo?"

Mimi nilitoka nje kucheka, nikarudi nimemaliza, nikakuta simu imekatika na yeye amekaa na lile kopo mapajani.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Mama alikaa sebuleni amevaa nguo za misa hadi chai ya mchana. Nyingine pia haikulia. Chipsi alikuwa anakwenda mwenyewe kukaa mbele ya meza ya simu saa zile zile, jambo lililomkera Mama kuliko yote. "Ondoka hapo," akamwambia. "Unajipendekeza." Geti likawa linaachwa wazi na haligombezwi. Nikaogopa kweli. Nikamwambia, "Mama, mpigie."

"Mtoto anapiga. Mkubwa anapigiwa."

"Hata mkubwa akiwa ndiye amekosea?"

Kisha Jumapili, kabla hata hajavua kanga ya kanisani, akaniwekea simu mkononi. "Mtahiniwa. Sijui ninyi mnavyoanzisha. Anzisha."

Nikapiga. Ikaita kwa muda mrefu. Uso wa mtoto ulipotokea, Mama hakungoja shikamoo.

"Nilikudanganya," akasema. Alikuwa anaongea na simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Mbwa wako hali makopo. Anakula ugali na dagaa. Nilijua ukijua utakasirika, na ukikasirika hutapiga. Ndiyo hivyo. Hajaumwa. Amenenepa. Ni hayo tu."

Uso wa mtoto ukaganda kiooni. Nilidhani bando limekwisha.

"Makopo aliyakataa yote?" mtoto akauliza.

"Alikuwa hali mpaka nimwonjee kwanza. Nimeyala yote mimi."

"Umekula?"

"Kijiko kijiko."

Mtoto akatazama nyuma yake, akaleta mdomo karibu na simu. "Bibi. Hata mimi nilikuwa namwonjea. Kule Dar. Mama hajui."

Mama Mwenye Nyumba alinigeukia na macho ya mtu aliyesikia mbingu zikimpa haki. "Unaona?" akaniambia. "Alilelewa!" Kisha akarudi kwenye simu. "Ile ya kuku uliionaje?"

"Ina chumvi!"

"Imezidi chumvi! Niliwaambia dukani. Na maini?"

"Yuuu!"

"Wasimuuzie mtu!"

Walipitia makopo yote, moja baada ya jingine, kama wazee wa baraza. Kisha mtoto akauliza dagaa wanapikwaje, na kwa nini ugali ni mweusi, na kama ulezi ni mti. Mama alianza kueleza, akaishiwa Kiswahili katikati, akaingiza Kifipa, na mtoto akarudia maneno yale vibaya kabisa, na hakugombezwa.

Nilihama Chanji si muda mrefu baada ya hapo. Nilipata kazi ya ukarani kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Muze, bondeni, ambako joto linachemsha maji ya kunywa ndani ya chupa. Nimekuwa nikipanda kumsalimia mara chache kuliko inavyopasa. Mara ya mwisho ilikuwa kiangazi hiki. Nilikuja na mchele mpya. Amepungua mwili, anatembea akishika ukuta, lakini mchele aliuchambua mbele yangu punje kwa punje, akatoa jiwe moja, akaliweka mkononi mwangu. "Hili ni lako, Mtahiniwa."

Chipsi naye amezeeka. Amekuwa mzito kama mto uliolowa, na mkia wake ni fagio. Tulikuwa sebuleni, chai imeshamiminwa na kuonjwa, simu ilipolia. Mbwa akajua. Akajivuta, akapanda kwenye mapaja ya Mama, akajipanga mbele ya kioo kama kawaida yake. Mama akanyoosha mkono, akaielekeza simu kwa mbwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa."

"Bibi, naona manyoya tu." Sauti ilikuwa imekua, si ya mtoto tena. "Mtoe Chipsi hapo. Nataka nikuone wewe."

Mama alinitazama kana kwamba limesemwa neno geni na mimi ndiye niliyesoma.

"Mimi?"

"Wewe Bibi. Geuza simu."

"Mimi nina nini cha kuona?"

"Bibi jamani. Geuza."

Akamsukuma mbwa kwa kiwiko. Mbwa hakuelewa, akarudi. Akamsukuma tena, akaninyooshea. "Mshike huyu. Mtoe nje." Nikiwa mlangoni na furushi lile linalopiga mateke, nikamwona anaisogeza simu polepole kuelekea kwake, mikono yote miwili, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi juu. Akasema, "Haya. Ndiyo mimi."

"Bibi, mbona una pengo?"

"Lilikuwepo kabla hujazaliwa! Hukuuliza!"

Kicheko kikatoka pande zote mbili za simu. Nikafunga mlango. Tukakaa barazani juani, mimi na Chipsi, yeye amenipa mgongo kwa hasira, mimi nikiwaza chai yangu. Waliongea mpaka jua likahama kutoka kwenye miguu yetu likapanda ukutani. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia karibu kila neno, na muda wote huo hakuna aliyemtaja mbwa.